Mbuzi Tisa Kwenye Fomu ya Serikali

Barua isiyo na jina la mwandishi ilikuwa bado mkononi mwa Mzungu pale tulipoachana juma lililopita, na Kitheka alikuwa bado amesimama mbele ya meza, kofia kifuani. Alikuwa ameulizwa swali moja mara mbili.

"Kwa mara ya tatu," akasema Mzungu huyo, ofisa wa usalama. "Swali la kumi na moja. Una deni la mtu yeyote? Hapa umejaza hapana."

Karani Dalmas, aliyekuwa akitafsiri, alimgeuzia Kitheka maneno hayo polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufikiri.

"Sina, Bwana," Kitheka akasema.

"Barua hii inasema unadaiwa mbuzi tisa na mzee mmoja wa Ruiru anayeitwa Macharia."

Kitheka akashusha pumzi. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomharibia mambo.

"Hao? Huyo ni mkwe wangu, Bwana. Hao ni mbuzi wa mahari."

"Umewalipa?"

"Bado."

"Basi ni deni."

"Si deni, Bwana."

"Umewalipa?"

"Bado."

Dalmas akaweka kalamu chini. "Bwana, niruhusu. Kwa watu hawa mtu hamalizi mahari. Akimaliza ni kama anamwambia mkwe wake, tumeachana, sikujui. Ni lazima kitu kibaki. Hata kwetu Nyanza ni hivyo. Mimi mwenyewe nadaiwa ng'ombe wawili."

"Wewe hushiki funguo za baruti," ofisa akamjibu.

Ofisa huyo alikuwa na upara unaong'aa, na kwa sababu hiyo Wakikuyu walimwita Kihara. Alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, Hali ya Hatari imepamba moto, na amri mpya ilikuwa imetoka. Mtu yeyote anayeshika ufunguo wa ghala la baruti katika machimbo ya mawe sharti awe na cheti cha usalama. Kitheka, Mkamba wa Machakos, alikuwa ameshika ufunguo wa ghala la Thika kwa miaka minne bila kupoteza hata utambi mmoja.

"Nisikilize vizuri," Kihara akasema. "Mtu anayedaiwa ni mtu anayeweza kubanwa. Leo anaambiwa, lete mbuzi. Kesho anaambiwa, mbuzi tumekusamehe, tupe sanduku moja la baruti. Mimi nitajua saa ngapi? Wakati daraja la Chania limeruka?"

"Mzee Macharia hawezi kusema hivyo, Bwana. Yeye anaanika kahawa."

"Na wewe ulinidanganya kwa maandishi. Hilo ni jambo la pili." Kihara akaisukuma fomu kando. "Leo ni Jumatano. Ijumaa saa sita mchana nataka karatasi yenye kidole cha Macharia na sahihi ya shahidi anayejua kusoma, kwamba hudaiwi. Ufunguo uache hapa mezani; karatasi isipofika, hutaushika tena."

Kama hujawahi kuishi nyumba ya kazi, utasema kazi ni kazi, atapata nyingine. Sivyo. Pasipo cheti, hakuna kazi. Pasipo kazi, nyumba ya machimbo inachukuliwa siku hiyo hiyo. Na mke wa Kitheka alikuwa Mkikuyu. Kilichomruhusu kuishi Thika ni kazi ya mumewe tu. Kazi ikiisha, Kitheka angerudi Machakos, na Gathoni angepakiwa lori apelekwe katika kijiji cha Serikali kule Gatundu, nyuma ya handaki lenye miti iliyochongoka. Mtoto wao Mbithe alikuwa na mwaka mmoja na nusu na bado ananyonya. Mtoto ni wa baba. Angekwenda Machakos.

Gathoni alikuwa akichambua maharagwe mumewe alipoingia. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa nini hukumaliza hizo mbuzi?" akauliza. "Mwaka juzi ulikuwa na pesa."

"Baba yako angenitukana."

"Angekutukana siku moja. Sasa tutalia mwaka mzima."

"Hata nikitaka kulipa sasa siwezi. Kuhamisha mbuzi kutoka Machakos mpaka Ruiru kunataka kibali, na kibali ni wiki tatu."

"Nani alimwandikia Mzungu? Nani alijua?"

Kitheka akakwaruza shingo. "Kila mtu. Krismasi nilisimama mbele ya wageni nikasema, mimi bado nadaiwa na mkwe wangu mbuzi tisa."

"Ulijisifu."

"Nilikuwa na adabu."

"Ulitangaza deni mbele ya watu arobaini, kisha ukaiandikia Serikali kwamba huna. Na wewe ndiye uliyesoma."

Kwao na kwa mkewe pia, mkwe mwema husema hadharani kwamba bado anadaiwa. Lakini adabu hiyo haikuwa na mahali pake kwenye fomu.

"Nitakwenda Ruiru kesho," Gathoni akasema.

"Wewe? Mwanamke haongei habari za mbuzi zake mwenyewe."

"Mwanamke ndiye atakayepakiwa kwenye lori. Ama unataka kwenda wewe umwambie baba, Mzee, nimekuja tumalizane?"

Kitheka alikaa juu ya sanduku la nguo akashika kichwa. Hilo asingeweza kulitamka hata kwa kupigwa.

Alhamisi asubuhi Gathoni alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la pasi za kusafiria, Mbithe mgongoni. Dalmas alimwandikia pasi ya siku moja bila kuuliza safari ni ya nini.

"Mama Mbithe, saa kumi na mbili jioni uwe umerudi Thika. Ukichelewa, mimi sikujui na wewe hunijui."

"Nimesikia."

"Na chukua hiki." Akapitisha kibati cha wino chini ya dirisha. "Kule hawana. Mtu ataweka kidole kwa masizi, halafu Bwana aseme ni uchafu. Unirudishie. Nimekisainia."

Saa nne alikuwa Ruiru, kwenye shamba la kahawa alikofanya kazi baba yake. Mzee Macharia alikuwa kwenye meza za kuanikia, akigeuza kahawa kwa viganja. Hakuacha kazi. Nyapara alikuwa umbali wa meza tatu, na nyapara yule alikata posho ya mtu kwa kusimama tu.

"Maitu," akasema. Alimwita hivyo, yaani mama, kwa sababu Gathoni alipewa jina la mama mzazi wa mzee huyo. "Mbona siku ya kazi? Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima, Baba. Nina karatasi nataka uweke kidole."

"Ya nini?"

"Kwamba humdai Kitheka kitu. Kwamba mbuzi zimekwisha."

Viganja vya mzee vikasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Amekufukuza?"

"Hajanifukuza."

"Basi karatasi hiyo ni ya nini? Mimi mbuzi nimeona zikimalizwa mara mbili tu. Mtu akifa, au mtu akirudishwa kwao."

Gathoni akamweleza yote, haraka, akigeuza kahawa naye ili nyapara asishtuke. Mzungu, fomu, ufunguo, lori, Gatundu, mtoto. Mzee alisikiliza. Mwisho akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Serikali ilichukua shamba la baba yangu haikuniuliza kitu. Leo inaniuliza habari za mbuzi."

"Baba, weka kidole."

"Siwezi."

"Kwa sababu ya aibu? Aibu nitaibeba mimi."

"Si aibu. Hizo mbuzi si zangu tena."

Gathoni akaacha kugeuza kahawa.

"Ndugu yako Muigai alipooa nilikuwa sina kitu," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Babake bibi yake alitaka mbuzi. Nikamwambia, nina tisa Thika, kwa yule Mkamba wangu. Zihesabu ni zako. Wazee watatu walisikia, pombe ikanywewa. Tangu siku hiyo mumeo hanidai mimi wala simdai. Anadaiwa na yule."

Jambo la kawaida hilo. Mbuzi wa binti huoa mke wa kaka yake, hata kabla hawajafika bomani. Nyumba ngapi zimejengwa hivyo. Lakini nyumba nyingine hazina ufunguo wa baruti ndani yake.

"Yule nani?" Gathoni akauliza, ingawa alikuwa akijua. Alikuwa amepika kwenye arusi hiyo.

"Wainaina."

"Yuko wapi sasa, Wainaina?"

Mzee hakutaja mahali. Aliinua kidevu kuelekea kaskazini, kwenye milima, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Mbithe akaanza kulia mgongoni. Gathoni akamtingisha bila kujua anachofanya. Kila mtu wa Ruiru alijua kwamba Wainaina aliingia msituni kuungana na wapiganaji miaka miwili iliyopita, na kwamba Serikali ilitangaza pesa kwa atakayemleta. Mumewe, mshika ufunguo wa baruti, alikuwa anadaiwa mbuzi tisa na mtu wa msituni. Kihara akijua hilo, habari ya kazi na nyumba ingekuwa ndogo. Watu walikuwa wakinyongwa kwa risasi moja tu iliyokutwa mfukoni.

"Kitheka anajua?" mzee akauliza.

"Hajui."

"Asijue."

"Baba, weka kidole. Andiko linasema wewe humdai. Ni kweli humdai. Umesema mwenyewe sasa hivi."

Mzee akamtazama. "Nani alikufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna. Nina mtoto."

Akafungua kibati cha wino. Mzee Macharia akafuta kidole kwenye suruali, akakibonyeza, akakiweka kwenye karatasi. Kisha akakipangusa kwenye nyasi kwa nguvu, akapangusa tena.

"Umenifanya mtu asiye na binti," akasema. "Nenda ukatafute shahidi wako. Katika laini hizi za nyumba za vibarua anayejua kusoma na asiye wa nyapara ni mmoja tu."

Gathoni alijua ni nani. Alitamani awe mwingine.

Wakonyo, mke wa Muigai na binti wa Wainaina, alikuwa akifua nyuma ya chumba chake. Muigai alikuwa kizuizini tangu mwaka uliopita. Wakonyo aliipokea karatasi kwa mikono yenye povu, akaisoma, akaisoma tena.

"Hizi mbuzi tisa," akasema, "ni zangu."

"Najua, Wakonyo."

"Unajua, na umeniletea nitie sahihi?"

"Ni ya kumwonyesha Mzungu tu. Akishapiga muhuri ataitupa kwenye faili."

"Wifi, nikuambie kitu." Wakonyo akakaa juu ya karai lililopinduliwa. "Mume wangu sijui atarudi lini. Baba yangu unajua aliko. Mama mkwe wangu kila siku ananiambia ninakula ugali wa bure. Kinachonifanya niwe bibi wa nyumba hii ni hizo mbuzi zako. Sasa nitie sahihi kwamba hazipo?"

"Nikipelekwa Gatundu hazitalipwa na mtu. Kitheka hatakuwa na kazi. Utakuwa umepoteza mbuzi na mimi nimepoteza mtoto."

Mbithe alikuwa ameshushwa chini na sasa alichezea povu, anacheka peke yake. Wakonyo akamtazama. Yeye hakuwa na mtoto.

"Nitatia sahihi," akasema. "Lakini nawe utaniandikia yangu."

"Yako ipi?"

"Ya kweli. Kwamba Kitheka wa machimbo ya Thika anadaiwa mbuzi tisa na Wainaina. Na kwamba wewe unajua. Uandike jina lako na la mumeo."

"Wakonyo, karatasi kama hiyo ni kitanzi."

"Na hiyo yako ni nini kwangu? Ni maua?"

"Ukikutwa nayo tutakufa wote."

"Sitakutwa nayo. Nani ananipekua mimi? Homgadi wa Serikali wameshapekua hapa mara nne, mpaka unga wakamwaga. Wamechoka." Akanyoosha mkono. "Muigai akirudi nitamwonyesha. Mama mkwe akinitukana nitamwonyesha. Ni ya kulala nayo, basi. Andika."

Ilikuwa imepita saa saba. Basi la Thika lingepita barabarani saa nane, na la pili halikuwa na uhakika. Gathoni alifikiri kwa muda wa kumfunga mtoto mgongoni, na muda huo haumtoshi mtu kufikiri jambo lolote. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Aliandika. Aliandika kwa Kiswahili kama ile ya kwanza, jina lake, jina la mumewe, mbuzi tisa, Wainaina. Wakonyo akatia sahihi ya ushahidi kwenye ile nyingine, herufi zake zimesimama wima kama mtoto wa shule.

Wakapeana karatasi mkono kwa mkono. Hawakuagana.

Jioni Kitheka alipoiona ile yenye kidole cha mkwe wake alikaa nayo mlangoni, hataki kuingia ndani. "Alisema nini?" akauliza.

"Aliuliza nani amekufa."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine," Gathoni akasema, akaenda kusonga ugali. Mbithe alinyonya akalala. Miaka minne ya ndoa, na huo ndio uongo wao wa kwanza.

Ijumaa saa sita kasoro robo walikuwa ofisini wote watatu, maana Kihara alitaka kumwona aliyeileta karatasi. Gathoni alimrudishia Dalmas kibati cha wino. Dalmas akakiandika kwenye daftari lake kwanza, ndipo akamsomea Bwana ile karatasi neno kwa neno.

Kihara akamgeukia Gathoni. Aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Baba yako nafurahi kuweka kidole?"

"Hapana, Bwana."

"Kwa nini?"

"Amesema sasa hana binti."

Jibu hilo lilifanya kazi kuliko karatasi yenyewe. Kihara aliinamisha kichwa, akaonekana kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye aibu kidogo. Akavuta cheti, akatia sahihi, akapiga muhuri mara mbili. Akatoa ufunguo kwenye droo, akamrushia Kitheka. Kitheka akaudaka.

"Safari nyingine, andika kila kitu," Kihara akasema. "Hata kuku. Ngojeni hapo wino ukauke, usije ukafutika."

Wakangoja. Kitheka alimtazama mkewe, akataka kucheka. Gathoni alihesabu pumzi za mtoto mgongoni. Wino mwingi, cheti kidogo. Ingechukua muda gani? Dakika mbili?

Nje, lori lilisimama kwa breki. Milango ikagongwa. Homgadi mmoja akaingia, matope mpaka magotini, akapiga saluti, akaweka mkebe wa majani ya chai juu ya meza.

"Kutoka Ruiru, Bwana. Tulizunguka laini za kahawa alfajiri. Watu kumi na wanane wako kwenye lori."

"Na huu?"

"Ni wa bibi mmoja, binti wa yule Wainaina. Aliulalia."

Kupitia dirishani Gathoni aliona nyuma ya lori, vichwa vimeinamishwa, na kitambaa cha kichwa alichokijua, bado kina alama ya povu lililokauka.

Kihara akaupindua mkebe. Zikaanguka hirizi mbili, picha ya Muigai, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Mwandiko mzuri. Kiswahili cha maandishi kilimshinda, kwa hiyo akampa karani bila kuiangalia mara ya pili.

"Soma."

Dalmas akaisoma kwanza kimya, kama alivyozoea. Macho yake yalishuka mpaka mstari wa mwisho. Yakapanda tena mpaka juu. Kisha yakatoka kwenye karatasi, yakapita ufunguo uliokuwa mkononi mwa Kitheka, yakatulia usoni pa Gathoni.

Alikuwa na mke na watoto watano kule Nyanza, na mshahara mmoja. Homgadi alikuwa amesimama nyuma yake, naye alijua kusoma kidogo.

"Kwa sauti," Kihara akasema. "Inasemaje?"

Dalmas akakohoa. Kitheka, ambaye hakujua lolote, alikuwa akikipuliza cheti chake kikauke.

"Mimi," Dalmas akasoma.

Akanyamaza.

Kihara akainua uso. "Mimi nani?"